E ya Embe

Karama, Jumapili, 12 Januari 2025

Shoga yangu Redempta,

Hujambo wewe, na hajambo huyo mtoto wa watu unayemlea kama umemzaa? Mie sijambo, ila mkono wa kushoto bado unanilaumu kwa ile sindano.

Bakuli hili lina mbaazi za nazi na mahamri. Mwambie Chacha asilifunue njiani. Dereva wenu ana pua ya paka, na mara iliyopita nilihesabu mahamri kabla ya kuyatuma, nawe ukaniandikia kunishukuru kwa machache. Nilinyamaza kwa sababu ndiye tarishi wetu, kila Alhamisi akileta nguo za bwana wa nyumba yenu kwa dobi hapa chini na kila Jumapili akija kuzichukua. Tukimuudhi huyu tutaandikiana na nani?

Rumaisa, mwenzangu wa kitanda cha juu, ananicheka. Asema, simu mnazo, mwaandikiana barua kama mabibi zetu. Nikamwambia chumba hiki tuko sita, sauti ikiingia kwenye simu huisikia sote, na wewe Rumaisa hujibu kabla yangu. Na kule Mirdif Redempta akisema neno mtoto aamka. Karatasi haina mdomo.

Sasa nikwambie, ile damu tuliyowatolea wale watafiti Ijumaa imekuwa gumzo. Nilidhani ni sisi Waswahili tu. Kumbe wapima mtaa mzima, Wahindi, Wafilipino, Wapakistani, Waarabu. Wataka kujua katika watu wa huku ni wangapi waliowahi kupitiwa na ule ugonjwa wa ini, hata kama hawakujua. Ni wa herufi gani usiniulize. Homa za ini zina alfabeti nzima. Yule nesi Mkenya, Lynette, aliitaja, lakini mie nilikuwa nimekodolea macho sindano. Wewe wala hukusikiliza, ulikuwa na sambusa. Usikatae, nilikuona.

Majibu watapiga simu wenyewe.

Bakuli nalitaka. Ni la mamangu, wajua.

Mwenzio,
Khairiya


Mirdif, Alhamisi, 16 Januari 2025

Dada Khairiya mpendwa,

Shikamoo dada. Mahamri yamefika, na safari hii yote, maana nilimsubiri Chacha getini. Amekasirika. Anasema huko kwao Tarime dereva hapekuliwi.

Ni kweli sambusa nilikula. Lakini na kusikia nilisikia, angalau ile sehemu ya ini. Neno lile lilinirudisha mwaka 2018, tulipokaa chumba kimoja hapo Karama, mwezi ule macho yangu yalipokuwa ya manjano na mkojo kama chai ya rangi, na wale wenzetu wawili wakahama chumba kwa kuniogopa. Mmoja alisema nimerogwa, mwingine akasema ni kijicho kimenipanda machoni. Wewe ukawaambia nimekula samaki mbaya, ukafunga mlango, ukaanza kuchemsha maji. Ulininywesha uji kwa kijiko dada, na mimi si ndugu yako, si wa dini yako, na kwetu Bukoba wala hupajui. Sijui kama nimewahi kukuambia asante ya kutosha. Nadhani haipo.

Arwa ameota meno mawili. Ananing'ata bega. Madam anasema mtoto huyu anasema "Dempta" kabla ya kusema "mama", na anacheka akisema hivyo, ila naona kidogo inamuuma, kwa hiyo mbele yake namfundisha Arwa "mama, mama" mpaka sauti inanikauka.

Kibali changu kinaisha mwezi ujao. Nitaenda kupimwa afya tena kama kawaida. Niombee.

Bakuli lina senene, panzi wetu wa kukaanga, alionitumia mama. Najua utapiga kelele. Onja mmoja tu. Ukishindwa mpe Rumaisa.

Wako,
Redempta


Mirdif, Alhamisi, 23 Januari 2025

Dada Khairiya,

Bakuli lako ulilonitumia Jumapili na mbaazi, bila barua, hili hapa. Nimeliosha kwa jiki, mara mbili. Tafadhali usinitumie chakula tena.

Nashukuru kwa yote.

Redempta


Karama, Jumapili, 26 Januari 2025

Redempta,

Nimepokea bakuli. Nililigeuza, nikatia mkono ndani, nikatikisa na mfuko. Tupu.

Kwetu bakuli la mtu halirudi tupu. Mtu akikosa kabisa hutia chumvi. Akikosa chumvi hutia hata majani ya mchaichai, mradi mwenye bakuli akilifunua asikutane na bati. Mamangu alikuwa akisema bakuli tupu ni kwaheri isiyokuwa na adabu. Miaka yote hii hukunirudishia tupu hata siku moja, na wewe ndiwe uliyenitilia senene, wallahi, vidudu vyenye miguu, nami nikawala. Nilikula wanne. Nilitaka kukuandikia hivyo, nikiwa na furaha zangu, na badala yake nakuandikia haya.

Na hiyo jiki. Linanuka bakuli la mamangu kama choo cha hospitali. Kwani mbaazi zangu zilikuwa na uchafu gani? Nimekukosea nini? Kama ni maneno, yaseme. Nimepiga simu yako tangu Alhamisi, naambiwa mteja hapatikani.

Majibu ya damu nimepata, kama wataka kujua. Ninayo. Rumaisa pia. Humu chumbani tulipimwa sote sita na wanne tunayo. Lynette asema katika mtaa huu si ajabu, awakuta wengi hivyo hivyo. Lakini hilo halininyimi usingizi. Linaloninyima usingizi ni bakuli.

Khairiya


Mirdif, Alhamisi, 30 Januari 2025

Dada Khairiya,

Nimesoma barua yako chooni, maana ndiko kuna komeo. Nimelia mpaka nikafungua bomba ili nisisikike.

Hujanikosea. Hukuwahi kunikosea hata siku moja. Mkosaji ni damu yangu.

Lynette alinipigia Jumanne ya wiki iliyopita, nikiwa uani naanika nguo za Arwa. Unajua ndege za huku zinavyopita juu ya paa, mtu unasoma midomo. Nilisikia "Redempta, majibu yako ni positive", halafu ndege, halafu "hepataitis", halafu "ii". Nikamwambia sikusikia. Akarudia, nikasikia "ii" tena. Nikajiuliza, homa ya ini ya I mbona sijawahi kuisikia? Ndipo nikaelewa kuwa ni "bii", ndege imeila ile herufi ya mbele. Ni ile ya B, dada. Ile wanayotupima sisi wafanyakazi wa nyumbani. Akaendelea kusema kitu kuhusu kutokuogopa, ndege nyingine ikaja, nikakata. Tangu hapo nimeizima simu.

Sasa nimejua kwa nini macho yangu yalikuwa ya manjano. Na barua yako imenimaliza. Wewe unayo, Rumaisa anayo, wanne katika sita. Ni mimi niliyeileta chumbani. Ulininywesha uji na mimi nikakulipa ugonjwa, na wewe unaniandikia kuhusu bakuli.

Arwa nimeacha kumbusu. Namlisha nikiwa nimevaa glavu. Ananyoosha mikono nimbebe, nami namkalisha chini na kumpa midoli. Jana alinitazama kwa muda mrefu halafu akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Siwezi kuendelea hivi, na siwezi kungoja vipimo vya kibali viniumbue mbele ya watu walioniamini. Madam yuko Abu Dhabi kwa mama yake, anarudi Jumamosi. Nitamwambia nataka kurudi kwetu. Sitangoja anifukuze.

Senene wanne. Nimecheka nikiwa nalia. Asante dada kwa kula.

Redempta


Karama, Alhamisi hiyo hiyo, jioni

We Redempta, we mtoto wa watu,

Chacha nimemzuia mlangoni kwa dobi, ana nguo za bwana wenu mkononi na anapiga mguu chini. Nimemwambia aondoke bila karatasi hii akione cha moto. Kwa hiyo soma haraka kama ninavyoandika.

Si B. Ni E.

Sisi Wakenya hii E twaiita "ii" tukisoma Kizungu. Nyinyi Watanzania kwenu E ni e. Lynette alisema "ii" sawasawa, na ndege haikula kitu. Wewe ndiwe uliyemtilia B yake. Si B ya bakuli, Redempta. Ni E ya embe. Sema: e, embe.

Na sikiza hili, maana mie nilimuuliza mpaka akachoka. Hiyo ya embe mtu huipata zaidi kwa maji machafu, si kwa busu, si kwa kijiko. Humsumbua sana mwenye mimba, lakini kwa wengi wetu hupita, mwili hupigana ukashinda. Kilichoonekana katika damu yako si ugonjwa. Ni alama ya kuwa uliugua ukapona, kama lile kovu la chanjo begani. Hiyo "positive" yako maana yake ulishinda. Wanne humu chumbani tulishinda. Ndicho wanachohesabu, waliopitiwa na wakabaki. Asema ni wengi mno, na wengi wao hawakumbuki hata kulala siku moja.

Na kibali hakiguswi na E. Na hata ingekuwa B, nilimuuliza hilo pia, haipiti kwa bakuli la mbaazi. Jiki yako umeimwaga bure.

Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Wewe ungejiumbua bila hata maradhi. Vua glavu umbebe huyo mtoto.

Usimwambie madam lolote.

Chacha asema aondoka.

K.


Mirdif, Jumapili, 2 Februari 2025

Dada yangu Khairiya,

Shikamoo, mara mia.

Madam hakungoja Jumamosi. Alirudi Alhamisi ile ile, baada ya Magharibi. Nilimwona anaingia nikajisemea, bora niyatapike yote sasa. Nilikuwa nimeshasimama mbele yake sebuleni, nimeshasema, "Madam, nataka kurudi kwetu." Akaweka mkoba chini. Akaniuliza kama kuna mtu wa nyumba hii aliyenikosea. Nikasema hapana madam, ni mimi. Hapo Chacha akaingia na viatu vyake mpaka kwenye zulia, kitu ambacho hajawahi kufanya, akanipa karatasi akasema, "Dada yako kasema usome kabla hujafungua mdomo." Mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

Nikasoma nimesimama. Nilipofika kwenye embe nikakaa chini palepale. Madam akadhani nimefiwa. Ikabidi nimweleze yote kwa Kiarabu changu cha jikoni, na neno embe likanishinda, nikachora hewani kwa mikono. Akasema, "Hamba?" Kumbe na wao wanaliita karibu hivyo hivyo. Halafu akasema, khalas, yalla, yaani basi, haraka, mpigie huyo nesi hapa hapa. Tukampigia, sauti ikiwa nje. Lynette akasema e, halafu akasema ii, halafu akaniomba radhi kwa ajili ya ndege, maskini, kama yeye ndiye rubani.

Madam alicheka mpaka machozi. Kisha akaniambia kitu ambacho sitakisahau. Alisema, "Siku hizi zote niliambiwa kwenye simu kuwa Arwa hali chakula vizuri. Kumbe amekukosa wewe, na wewe uko hapa." Akaenda mwenyewe kumtoa Arwa kitandani, akaniwekea mikononi. Mtoto alining'ata bega. Sijawahi kufurahia kuumwa hivyo. Madam naye anataka kupimwa sasa, na Lynette amemwambia aje, watu wa Mirdif hawajawapata wa kutosha.

Sasa mimi nina swali, dada.

Mimi nilijua kuwa niliugua. Macho yangu yalisema. Rumaisa na wale wengine walikuja Karama baadaye, walikoipata wao hatujui. Lakini wewe ulisema na wewe unayo. Nimekaa nalo tangu Alhamisi. Nimekumbuka kuwa mimi niliugua kabla kidogo ya mfungo, na kwamba Ramadhani ile ulikonda mpaka pete ikakudondoka kwenye sufuria ya uji wangu. Nilikuuliza, ukasema, "Saumu ya mwaka huu imenikalia vibaya." Ulikuwa ukinichemshia maji ukiwa umeshika ukuta. Nilikuwa nakuona dada, nikadhani ni njaa tu.

Ulikuwa unaumwa. Ulikuwa unaumwa ugonjwa wangu huo huo na ulinipikia uji.

Umeniandikia mficha maradhi. Nakurudishia methali yako, ijibu mwenyewe.

Bado nakudai jibu, na wewe unanidai bakuli lililojaa. Nitumie bakuli.

Mdogo wako,
Redempta


Karama, Alhamisi, 6 Februari 2025

Mdogo wangu,

Haya basi. Umenikamata.

Ndiyo, niliumwa. Manjano hayakunishika machoni sana, nikawa napaka wanja mwingi na mchana navaa miwani ya jua dukani, tajiri akidhani naringa. Lakini chakula sikukiweza. Nilikuwa nikikoroga uji wako nakwenda nje kutapika, narudi nakoroga tena. Na Ramadhani ikanisitiri. Mtu asiyekula mchana, mwezi ule, hakuna anayemuuliza. Zile saumu nilizozila nilizilipa baadaye, kimya kimya.

Waniuliza kwa nini sikusema. Ningemwambia nani? Wenzetu walikuwa wamehama. Tulibaki wawili, na mmoja alikuwa amelala. Wa pili naye akilala, maji yachemshwe na nani?

Usianze tena habari ya kunilipa ugonjwa. Nimemuuliza Lynette, maana nilijua ndiko utakakokwenda. Asema si rahisi kutoka mtu kwa mtu. Yaelekea tulikunywa maji mamoja mabaya, na wapi, hakuna ajuaye. Tulikunywa pamoja, basi. Tumekula mengi pamoja.

Sasa nikwambie lililo moyoni, nawe usinicheke. Wewe waniandikia asante kila mwaka, nami kila mwaka naiona asante hiyo ni kubwa kuliko mie. Ukweli ni kuwa mwezi ule, wallahi Redempta, kama usingekuwepo ningelala na kugeukia ukuta. Sikuwa na mtu wa kuniuliza nimeamka vipi. Nilikuwa nikiamka kwa sababu ulikuwa ukiita, "Dada, maji." Nililichukia neno lile saa kumi za alfajiri, na ndilo lililonisimamisha. Wewe wasema nilikuponya. Mie nasema uliniamsha. Alhamdulillahi kwa yote mawili.

Nilipoambiwa nina alama katika damu sikushtuka hata kidogo. Nilijisemea, hee, kumbe pana mahali palipoandikwa kuwa tulikuwa pamoja.

Bakuli hili hapa, lina kaimati. Jiki imetoka, nimelisugua kwa ndimu na majivu ya mkaa wa kufukizia wa Rumaisa, naye amenuna.

Vipimo vya kibali vikitoka niambie siku hiyo hiyo. Simu iwashe.

Dadako,
Khairiya


Mirdif, Alhamisi, 27 Februari 2025

Dada Khairiya,

Nimefaulu. Muhuri wa miaka miwili. Nilikuambia kwa simu lakini nimetaka na karatasi ijue.

Madam naye majibu yake yametoka. Anayo. Akasema alipokuwa mdogo, likizo moja shambani kwa bibi yake, aliumwa tumbo wiki nzima na bibi akamlaza kwenye mkeka wake mwenyewe. Alikuwa ameshasahau. Amempigia mama yake kumuuliza jina la mwanamke mmoja aliyekuwa akiwaletea maji ya kunywa aliyoyachemsha siku zile za ugonjwa, wamtafute kama yuko hai.

Usiku wa jana nilimpigia mama Bukoba nikamwambia habari zako zote, na uji, na wanja. Akasema nikuambie kuwa hana binti mmoja tu.

Bakuli lina maembe. Nilimwambia madam nataka matano, akanunua kasha zima, akasema "hamba, hamba" njia nzima kutoka sokoni. Juu yake nimeweka senene wanne, kwa kuwa ndio unaowaweza.

Keshokutwa mnatarajia kuanza kufunga. Funga salama dada. Lakini mwaka huu ukiwa huli, nitauliza.

Mdogo wako,
Redempta